Kusambaza hadithi ya mtu bila kumlipa si kumtangaza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba sisi waandishi wa hadithi za mapenzi tuache kulalamika kazi zetu zinaposambazwa bure kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa kufanya hivyo ni kututangazia biashara. Sidhani kwamba ana nia mbaya, na najua amesema jambo ambalo wengi wanaliamini. Lakini mimi ninaishi kwa kalamu hapa Tanga, kodi ya nyumba na ada za watoto zinatoka humo humo, na hesabu aliyoipiga yeye hailingani na ile ninayoipiga mimi kila mwisho wa mwezi.

Nianze na pale tunapokubaliana. Matangazo yapo, na mimi mwenyewe ndiye ninayeyatoa. Kila hadithi mpya naianza bure kwenye ukurasa wangu wa Facebook, sehemu ya kwanza, ya pili, wakati mwingine hadi ya kumi, kila moja nikiikata pale ambapo mlango unagongwa au simu ya mume inaita ikiwa mkononi mwa mke, na chini yake naandika "itaendelea" pamoja na namba ya kulipia. Anayezisambaza sehemu hizo namshukuru kwa dhati. Anayebaki na hamu hutuma shilingi 2,000, nami namwingiza kwenye kundi ambamo hadithi huendelea hadi tamati. Hizo shilingi 2,000 ndizo mshahara wangu. Sasa kinachosambazwa si zile sehemu za bure, ambazo kila mtu anazo. Ni zile za mwisho, zilizochotwa kutoka kundi la waliolipa, zikaunganishwa kuwa faili moja la PDF, jina langu na namba yangu vikiwa vimefutwa, na kumwagwa kila kona siku ileile ninapoimaliza hadithi. Tangazo gani hilo lisilomtaja mwenye duka?

Msomaji yule aliongeza kwamba zamani gazeti moja lilisomwa na watu kumi kwenye kibanda cha kinyozi na hakuna mwandishi aliyelia. Ni kweli, nami nilikuwa miongoni mwa watoto waliosubiri gazeti la baba mwenye nyumba lifike ukurasa wa hadithi. Tofauti ni kwamba gazeti lile lilikwisha kununuliwa, na mwenye gazeti alikwisha kumlipa mwandishi, au angalau alikuwa anadaiwa naye, kabla karatasi haijafika kwa kinyozi. Wasomaji kumi wa bure walikaa juu ya mgongo wa mmoja aliyelipa na wa mhariri aliyelipa. Isitoshe, gazeti huchakaa, likaishia kufungia maandazi, na anayetaka mwisho wa hadithi analazimika kununua toleo la wiki ijayo. Faili la PDF halichakai. Linalotolewa leo Tanga litasomwa Mbeya kesho na Muscat keshokutwa, na katika safari yote hiyo hakuna mahali linapokutana na mkono unaotoa pesa.

Hata hivyo, kinachonikera zaidi katika barua ile ni dhana iliyojificha chini yake, kwamba hadithi ya mapenzi ni kitu chepesi, kinachomtoka mtu kama porojo za barazani, na kwa hiyo hakina gharama ya kurudishwa. Riwaya niliyoimaliza karibuni inamhusu binti wa Pangani aliyechumbiwa na fundi wa mashua. Barua ya posa ikapelekwa, mahari ikatolewa nusu, sare zikashonwa, kisha bwana akageuka na kutaka kuoa kwingine. Ili niiandike sehemu hiyo ilibidi nikae chini na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nikakuta kwamba aliyevunjiwa ahadi ya ndoa anaweza kwenda mahakamani kudai fidia, na kwamba wanaokusudia kuoana wanatakiwa kutoa taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulitoa. Kwa mwandishi wa mapenzi siku 21 za namna hiyo ni zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ya bungeni. Nikamfanya binti apate habari za taarifa ile zikiwa zimebaki siku mbili, mvua za masika zinanyesha, na barabara ya kwenda mjini haipitiki.

Wiki ile simu yangu haikupumzika. Muuguzi wa zamu ya usiku aliniandikia saa tisa za alfajiri akitaka kujua kama kweli mtu anaweza kushtaki kwa kuachwa au nimejitungia. Mzee mmoja, ambaye siku zote huniita mwanangu, alipiga kunisihi nisimwache binti yule akubali kuwa mke wa pili kwa uchungu tu. Kina mama wawili wa sokoni Ngamiani walinisimamisha nikiwa na kapu langu la mboga, wakabishana mbele yangu kana kwamba mimi sipo, mmoja akimtetea fundi wa mashua kwamba alilazimishwa na mama yake, jambo ambalo sijaliandika popote. Nakiri kwamba kwa siku kama hizo nisingeibadilisha kazi hii kwa nyingine yoyote, na mtu akiniuliza malipo yangu ya moyoni ni yapi, nitamwonyesha wale kina mama. Lakini duka la mchele halipokei malipo ya moyoni.

Upande wa pili wa wiki hiyo hauonekani na msomaji. Kuna bando la kupakia sehemu mpya, umeme wa luku, na kijana anayenisomea prufu, ambaye naye ana familia. Kuna wasomaji ambao, nikichelewa usiku mmoja kwa sababu mtoto ana homa, hunitolea maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa, na baadhi yao si wateja, wanasubiri kuvujishiwa. Wapo pia wanaume wanaodhani mwanamke anayeandika mahaba ameuweka moyo wake sokoni, nao hutuma salamu za usiku badala ya shilingi 2,000. Kitabu cha karatasi nimewahi kukijaribu. Mchapaji hudai alipwe kabla hajawasha mashine, ilhali muuza vitabu huchukua nakala kwa mali kauli, na ukirudi kudai unaambiwa mauzo ni ya polepole, huku kitabu chenyewe hukioni rafuni. Tangu hapo, ili hadithi zisinikondeshe, nachapa barua na kurudufu karatasi za watu mchana, na riwaya naiandika nyumba ikishalala.

Kuna jingine ambalo msomaji yule hakuligusa, labda kwa kuwa ni jipya. Siku hizi wapo wanaochukua hadithi zetu, wakazisoma kwa sauti tamu yenye muziki wa kinanda kwa nyuma, na kuziweka YouTube kama simulizi. Mimi napenda simulizi, nazisikiliza nikipika. Lakini niliwahi kufungua moja nikasikia binti wangu wa hadithi nyingine kabisa akizungumza maneno yangu neno kwa neno, amebadilishwa jina na mji tu, na kabla ya kila sehemu likatangulia tangazo la biashara ambalo malipo yake yanamwendea mwenye chaneli. Nilimwandikia kwa adabu. Alinijibu kwamba aliipata hadithi kwenye kundi, haikuwa na jina, akadhani ni mali ya umma. Hapo ndipo yule aliyefuta jina langu kwa kunitangaza alipomkabidhi mtu wa tatu shamba langu likiwa na mahindi yake, na sina hakika nani kati yao nimlaumu zaidi.

Kwa faida ya wote wawili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake tangu anapoitunga, hata kama hajaisajili popote, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kukosekana kwa jina kwenye faili hakuifanyi hadithi kuwa yatima. Najua kwamba kumfikisha mtu mahakamani kwa ajili ya shilingi 2,000 ni jambo ambalo hata wahusika wangu wasingelifanya, kwa hiyo siandiki kutisha mtu. Naandika kwa sababu wengi wa wanaosambaza ni wasomaji wangu wa kweli, wanaoipenda hadithi hadi wanaona vibaya kuila peke yao, na watu wa namna hiyo husikia wakiambiwa.

Ombi langu kwao ni dogo. Sehemu za bure zitumeni mnakotaka, kwa shangazi, kwa wafanyakazi wenzenu, hata kwa wachumba mliogombana nao. Ikifika sehemu ya kulipia, mtumieni huyo rafiki namba ya mwandishi badala ya faili. Asiye na shilingi 2,000 aniandikie aniambie, maana wapo ninaowaingiza kwa 500 na wapo ninaowaingiza bure, hasa wanafunzi. Tunaelewana vizuri.

Kwako wewe, Mhariri, gazeti lako huchapa hadithi kila Jumamosi, na nimeona mara kadhaa nafasi ya jina la mtunzi ikiwa imeandikwa "kutoka mtandaoni". Naomba dawati lako lisiipokee hadithi yoyote ambayo haijulikani imetoka kwa nani, na chini ya kila sehemu kuwe na jina la mwenyewe na namba anayopatikana kwayo. Hadithi ya Jumamosi iliyopita, ile ya mwalimu na dereva wa daladala, ni ya mwandishi mwenzangu wa Morogoro, nami niko tayari kukuunganisha naye.

Mwandishi wa hadithi za mapenzi,
Ngamiani, Tanga