Kamba ya turubai muiache nyumbani

Ndugu Mhariri,

Mbukwa. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na vijana watano niliowakuta Jumapili iliyopita kwenye majabali ya Ntyuka, hapa Dodoma. Mvua ilitutawanya kabla sijamaliza, na namba zao sikuchukua.

Walikuwa wamefunga kamba kwenye mti ulioota katika ufa wa jiwe, juu kama ghorofa tatu. Kamba yenyewe ni ile ya bluu ambayo madereva wa malori wanafungia turubai. Mmoja alikuwa ameizungusha kiunoni, anapanda, huku wenzake wakimvuta na kumtania. Nilipouliza wanafanya nini, mkubwa wao akanijibu kwa adabu: "Shikamoo kaka. Tunajiandaa na Mlima Kenya, Pasaka. Tunataka Batian, kilele chake cha juu kabisa."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Furaha yangu ni kwamba nina mpango huohuo, na kwa muda mrefu nilidhani mji mzima niko peke yangu. Safari wameipanga vizuri kuliko mimi: basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati, kisha Namanga, Nairobi, Nanyuki, hata bodaboda ya kuwafikisha getini wameihesabu. Wanajua kwamba Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, na kwamba kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa mtandao. Nauli wanazo. Kilichobaki ni mlima.

Mimi ni fundi wa minara ya simu, mwaka wa 11 sasa. Nimepanda minara Bahi, Manyoni, Kongwa na Mpwapwa, mingine upepo ukivuma unayumba ukiwa juu yake. Urefu haunitishi, na hilo ndilo lililoniponza. Mnarani una kulabu mbili, na sheria ni kwamba moja lazima iwe imeshika chuma muda wote. Huwezi kuanguka mbali. Kwenye jiwe anayetangulia hana kitu juu yake. Kamba inatoka chini, anaipitisha kwenye vifaa anavyovibana katika nyufa kadiri anavyopanda. Akiwa mita mbili juu ya kifaa cha mwisho akateleza, anaanguka mita nne kabla kamba haijaanza kumshika.

Miaka mitatu iliyopita nilichukua kamba ya kazini, kamba nzuri, imara, nikaenda Ntyuka hapohapo na mwenzangu wa kazi. Jiwe letu la Dodoma linadanganya. Jua linalichubua kama kitunguu, unashika kipande unachoamini ni mlima mzima kumbe ni ganda tu. Ganda liling'oka. Kamba haikukatika, la hasha, ilinishika barabara. Lakini haikunyumbuka hata kidogo, kwa hiyo kishindo chote kiliingia mwilini mwangu. Mbavu mbili zilivunjika, na kwa wiki sita nililala nikiwa nimekaa.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kamba si kamba tu. Ya kupandia imesukwa inyumbuke. Katika jaribio la kimataifa la kuanguka inaruhusiwa kurefuka hadi asilimia 40, ili imshike mtu kama anayedaka yai. Ya kazini kwetu imetengenezwa isirefuke zaidi ya asilimia 5 ikibeba mtu, kwa sababu fundi hataki kuning'inia akipanda na kushuka kama ndoo kisimani. Ukitaka kuitambua ile ya kupandia, tazama utepe wa mwisho wake: utakuta namba 1 ndani ya duara, na maandishi EN 892. Ya turubai haina maandishi yoyote, na fundo lake linateleza lenyewe. Wadogo zangu, ninyi hata ile yangu iliyonivunja mbavu hamkuwa nayo.

Nilipopona nilitafuta mwalimu, na nilimpata nje ya nchi. Ni Mkenya aliyenifundisha siku nne kule Hell's Gate, karibu na Naivasha, kwenye mnara wa jiwe unaoitwa Fischer's Tower. Una mita 25 tu. Pimbi wanakimbia juu yake bila kamba wala helmeti, wakikutazama. Siku ya kwanza hakuniruhusu kupanda hata hatua moja. Tulifunga mafundo tu, na kumshika mtu anayeanguka, mara ishirini, mara thelathini, mpaka mkono ukafanya wenyewe. Nilikuwa nimekwenda na kiburi cha minara, na ninamshukuru kwa kukivua bila kunivunjia heshima.

Sasa kuhusu hiyo Pasaka. Mlima Kenya uko kwenye ikweta, na vilele vyake vya jiwe vina pande mbili zinazopokezana. Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi jua liko kusini, kwa hiyo uso wa kusini unakauka na njia ya Nelion, kilele cha mita 5,188, inapandika, huku kaskazini kukiwa na barafu. Julai mpaka Septemba mambo yanageuka, na ndipo watu wanapopanda Batian yenyewe, mita 5,199, kwa uso wa kaskazini. Pasaka huangukia masika au mlangoni mwake. Jiwe linalia maji mchana na usiku maji hayo yanaganda. Hamtapata upande wowote wa kuaminika.

Mimi nimechagua Agosti. Sababu moja ni hiyo ya jua. Nyingine ni mama yangu, yuko Chamwino na shamba la mtama, na sisi Wagogo mvua yetu ni msimu mmoja. Mwana anayeaga kwenda kupanda mlima Januari wakati wa palizi anaaga vibaya. Tena Mei hadi Julai jiwe la huku nyumbani limekauka, kila Jumapili ni ya mazoezi.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nisiende Kilimanjaro, mlima wetu, ambao unauzidi ule kwa karibu mita 700. Nimekwenda, na nitakwenda tena. Lakini njia zake za kawaida ni za kutembea. Batian ni ukuta unaozidi urefu wa kamba kumi kwenda juu, kisha unashuka kwa kamba tena, umechoka, giza linakuja. Majina ya vilele vile ni ya watu wa ukoo mmoja wa malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai: Mbatiani, Nelieng na Lenana, na mimi nataka kufika kwa Mbatiani nikiwa najua ninachofanya.

Na pumzi je? Dodoma tuko kwenye mita kama 1,100. Kambi ya Old Moses, njia ya Sirimon, iko mita 3,300, na Shipton's 4,200. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kambi hizo zimepishana kwa 900, kwa hiyo lazima ulale siku mbili ya kwanza, na siku mbili au tatu ya pili kabla ya kugusa ukuta. Vijana wangu walipanga siku nne kwa safari nzima! Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, mteremsheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msisubiri asubuhi.

Jambo la bima niliseme haraka. Bima ya safari niliyouziwa na wakala mmoja mara ya kwanza ilikuwa na mstari mdogo ukurasa wa nne: haihusu upandaji wa kutumia kamba. Niliusoma nikiwa nimeshalipa. Someni kwanza.

Fedha mlizochanga msizile, ila zigeuzeni mpangilio. Nauli iwe ya mwisho. Kwanza kamba moja halisi, helmeti kwa kila mtu, na siku kadhaa na mwalimu. Kamba yangu ilikula zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi na sijutii hata shilingi. Mkifika Agosti hamjawa tayari, basi Agosti ya mwaka unaofuata. Mbatiani hahami.

Mimi si mwalimu wa mlima, na ukuta wa Batian sitawaongoza. Lakini mafundo ninayaweza, na kumshika mtu kwa kamba iliyofungwa juu ninaweza. Kuanzia Mei, kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, nitakuwa pale Ntyuka tulipokutana, chini ya ule mti, na kamba mbili na helmeti nne. Wa tano tutapokezana naye.

Fundi wa minara,
Nkuhungu, Dodoma