Usihamishe pointi kabla hujakiona kiti

Mhariri,

Ushauri mwingi wa kurasa za fedha kuhusu pointi za kadi ya mkopo, zile ambazo benki hukuzawadia kwa kutumia kadi, huenda sawa mpaka unapofika mahali pa kumwambia msomaji ahamishie pointi zake shirika la ndege mapema, ziwe tayari kwa safari. Hapo ndipo watu wanapoumia. Pointi zikiwa bado benki, zinaweza kwenda kwenye mashirika kadhaa. Zikishahamishwa zinageuka maili, yaani pointi za kulipia tiketi, za shirika moja, na kwa kawaida hazirudi, hata kama umebonyeza dakika tano zilizopita. Shirika nalo linaweza kupandisha idadi ya maili zinazotakiwa kwa kiti bila kumuaga mtu.

Kazi ianze na kiti. Viti vya kulipiwa kwa maili huwa vichache katika kila ndege, na vile wanavyoachiwa mashirika washirika mara nyingi ni vichache zaidi. Washirika hao wako katika miungano mikubwa mitatu: Star Alliance ya mwaka 1997, oneworld ya 1999 na SkyTeam ya 2000. Ndiyo maana maili za Air Canada zinanunua kiti cha Lufthansa au cha Ethiopian; wote wako Star Alliance. Lakini uanachama si undugu wa damu: SAS, mmoja wa waanzilishi wa Star Alliance, alihamia SkyTeam mwaka 2024.

Na ukikiona kiti, usikiamini papo hapo. Vipo viti hewa: tovuti ya mshirika inaonyesha nafasi ya saa kadhaa zilizopita, kumbe mwenye ndege ameshaiuza. Tafuta ndege hiyohiyo na tarehe hiyohiyo kwenye tovuti ya shirika jingine la muungano huo. Kisha endelea mpaka ukurasa unaotaja kodi. Kiti hewa mara nyingi hukwama hapo. Shaka ikibaki, pigia simu shirika ambalo maili zake utatumia. Katika Star Alliance, kiti cha maili cha daraja la kawaida huandikwa kwa herufi X na cha daraja la biashara kwa I. Mwulize mhudumu kama X ipo kwenye ndege namba fulani, tarehe fulani. Maongezi yatafupika sana. Muulize pia kama wanaweza kukushikia kiti siku moja au mbili. Baadhi ya mashirika hukubali.

Sasa hesabu, ambayo wengi huiruka. Chukua nauli ya fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa kwenye tiketi ya maili, kisha gawa kwa maili. Tuseme nauli ni dola 900, na tiketi ya maili inataka maili 40,000 pamoja na dola 220. Zinabaki dola 680. Kila maili imekulipa senti 1.7. Si mbaya. Shirika jingine likitaka maili hizohizo 40,000 lakini tozo iwe dola 520, kila maili imekuletea senti 0.95 tu. Kama benki yako inakubali pointi moja kwa senti 1 unaponunua tiketi ya kawaida, hapo heri utumie njia hiyo, maana tiketi ya kununua kwa kawaida hukuingizia maili mpya.

Tofauti hiyo kubwa haitokani na kodi za serikali bali na tozo ya shirika lenyewe, ambayo zamani iliitwa ya mafuta na jina hilo bado limeganda. British Airways inajulikana kwa kuitoza kwa uzito safari ndefu za kupitia London. Avios, ndiyo maili zake, zinaweza kuhamishiwa Iberia bila kupungua, na safari za Iberia kutoka Madrid huwa na tozo nafuu. Kodi ya abiria ya Uingereza ni jambo jingine: hulipwa na anayeanzia safari huko, si anayetua; naye anayebadilisha ndege ndani ya saa 24 kwenye tiketi moja halipi.

Baada ya hapo ndipo uhamishe. Jina la akaunti ya maili lifanane na la kadi, la sivyo uhamisho unakwama. Pointi nyingine hufika papo hapo, nyingine huchukua siku. Kwa hizo za siku kiti kinaweza kukuponyoka njiani, na hakuna dawa zaidi ya kushikiwa. Uwiano usome vizuri: benki nyingi hutoa maili moja kwa kila pointi moja, ila pointi za hoteli hupungua sana. Marriott hutaka pointi 3 kwa maili 1 kwa mashirika mengi.

Maili nazo huoza. Za Singapore Airlines hufa baada ya miaka 3 hata ukizitikisa kwa kuongeza au kutumia nyingine. Na anayebeba deni la kadi mwezi hadi mwezi asijisumbue na haya yote: riba ya asilimia 2 kwa mwezi inakula senti 2 za kila dola, wakati pointi ya dola hiyo, kwa mfano wa juu, ni senti 1.7.

Jambo la mwisho ni tiketi yenyewe. Kumbukumbu ya herufi na tarakimu 6 ni nafasi iliyoandikwa, haijawa tiketi. Tafuta namba ya tarakimu 13, inayoanza na 016 kwa United, 220 kwa Lufthansa, 125 kwa British Airways. Isipoonekana kufikia kesho yake, piga simu, kwa sababu nafasi isiyotolewa tiketi mfumo huifuta kimyakimya.

Msomaji wako