Idadi ya visa vya korona isichapishwe bila sampuli zilizopimwa

Mhariri,

Naandika kuhusu tulivyozipokea takwimu za korona zilizotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya. Baada ya kisa cha kwanza nchini kutangazwa Machi 13, 2020, wengi wetu tulisubiri nambari moja tu, idadi ya visa vipya, kama matokeo ya ligi. Iliposhuka, barakoa ziliteremshwa kidevuni, na makanga wa matatu ya abiria 14, aliyeamriwa wakati huo kubeba wanane, aliita "Wawili twende!" ilhali wanane wameshaketi.

Siwalaumu sana, maana nambari hiyo pekee haisemi mengi. Tuchukue mfano: siku moja visa 100 katika sampuli 1,000 ni asilimia 10, siku inayofuata visa 150 katika sampuli 3,000 ni asilimia 5. Siku ya pili ndiyo yenye nafuu, lakini ndiyo itakayozua hofu sokoni. Wizara yenyewe ilitaja sampuli zilizopimwa. Vichwa vya habari ndivyo viliziacha.

Mlipuko mwingine ukitokea, naomba gazeti lako lichapishe asilimia ya sampuli zilizopatikana na virusi ukurasa wa kwanza, pamoja na wastani wa siku saba. Redio za lugha za mama nazo ziitangaze, kwani huko mashambani zinasikilizwa sana.

Msomaji,
Mombasa