Kuwainua wanafunzi wetu wa masomo ya mtandaoni

Ndugu walimu wenzangu wa Mbeya na Iringa, salaam.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walieleza kwamba ari ya kujifunza hustawi mtu akiwa na hiari, akijiona anaweza na akijihisi yu pamoja na wenzake. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo analolikosa zaidi mwanafunzi wa Makete au Tukuyu anayesoma peke yake usiku kwa simu yenye bando dogo. Kwa hiyo naomba tuwagawe katika vikundi vya watu watano, turudishe kazi ndani ya wiki moja zikiwa na maoni yanayomtaja kila mmoja kwa jina, na penye mtandao hafifu tutume sauti badala ya video. Atakayenyamaza siku 10 apigiwe simu, kwa upole, kabla hatujamhesabu mtoro.