Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Tope la Chini ya Barafu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya yetu ya Kilwa,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru sana kwa kuitikia mwaliko wetu. Mbele yako kuna beseni la maji lenye tope laini tulilolitandaza tangu juzi, likatulia. Katibu wetu sasa anaweka humo kipande cha barafu tulichokigandisha usiku kikiwa na kokoto mbili ndani. Tunaomba ukitupie jicho huku tukiendelea kusoma.

Ndivyo ilivyo kwenye bahari inayoizunguka Antaktika, bara la barafu lililoko ncha ya kusini ya dunia. Barafu ya nchi kavu hushuka polepole kutoka milimani ikikwangua mawe, kisha hukatika na kuelea mbali baharini. Ikiyeyuka, jiwe hudondoka. Mtaalamu wa miamba akikuta kokoto ndani ya tope laini, mamia ya kilomita kutoka pwani, anajua kwamba si mto wala wimbi lililoifikisha pale.

Mwishoni mwa mwaka 2006 wataalamu wa Marekani, New Zealand, Italia na Ujerumani, katika mradi wa ANDRILL, walisimamisha mtambo wa kuchoronga juu ya barafu inayoelea katika Bahari ya Ross, kando ya Antaktika. Bomba lao lilipita kwenye barafu yenye unene wa mita 85 hivi, likapita kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 800, ndipo likagusa sakafu ya bahari. Walitoa nguzo ya mashapo, yaani tope, mchanga na mawe yaliyotuama chini ya bahari, yenye urefu wa mita 1,285.

Sisi tulivutiwa zaidi na namna nguzo hiyo inavyosomwa. Kuna tabaka la udongo, mchanga na mawe yaliyovurugika pamoja: hapo barafu nzito ilikuwa imekalia sakafu yenyewe. Juu yake linakuja tabaka laini lililojaa magamba ya diatomu, viumbe vidogo mno vya baharini ambavyo haviishi bila mwanga wa jua. Chini ya barafu nene hakuna mwanga. Kwa hiyo wakati ule bahari ilikuwa wazi. Kisha mawe tena, kisha diatomu tena. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kati ya miaka milioni 5 na milioni 3 iliyopita, barafu ya Antaktika Magharibi ilikuwa ikienda na kurudi kila miaka 40,000 hivi, kufuata mhimili wa dunia unavyoinama na kuinuka. Hewa ukaa, gesi inayozuia joto la dunia lisitoke, wakati huo ilikuwa hadi sehemu 400 kwa kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Barafu hiyo yote ikiyeyuka, bahari itapanda zaidi ya mita 3, na sisi nyumba zetu ziko ufukweni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kilwa nayo imo katika habari hii. Udongo wa mfinyanzi wa ukanda wetu huu na Lindi ulikuwa sakafu ya bahari. Wataalamu waliuchoronga, wakakuta ndani yake magamba ya foraminifera, viumbe vingine vidogo mno vya baharini, yanayong'aa kama kioo. Kundi la Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, lilipima kemikali zilizomo katika magamba hayo, zinazodokeza kiasi cha hewa ukaa cha zamani, na mwaka 2009 likaeleza kwamba hewa ukaa ilikuwa imepungua karibu miaka milioni 34 iliyopita, Antaktika ilipoanza kufunikwa na barafu kubwa. Habari za ncha ya kusini zilikuwa zimelala chini ya mikorosho yetu!

Lakini wanachama wetu 32 hawajawahi kuliona gamba hata moja. Hadubini yetu ya pekee lenzi yake imepasuka. Tunaomba ofisi yako itusaidie kupata hadubini nzima, na ituombee mjiolojia aje siku moja atuonyeshe udongo huo unapojitokeza juu ya ardhi.

Kokoto ya kwanza bila shaka imeshadondoka. Tunakuomba usogee uone shimo iliyolichimba kwenye tope.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Jiografia