Barua ya wazi kwa Waziri wa Serikali za Mitaa wa Ayalandi: turudishie mabaraza ya miji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nyumba, Serikali za Mitaa na Urithi,
Custom House, Dublin.

YAH: KURUDISHWA KWA MABARAZA YA MIJI

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu, yaani mabaraza ya miji yaliyofutwa mwaka 2014. Nakala ya Kiingereza inakujia kwa posta. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu tunaoongea lugha hii huku kwenu, maana wengi wetu tuna haki ya kupiga kura na hatuna habari.

Nianze na shukrani, kwa sababu nchi yako inastahili. Kwenye uchaguzi wa halmashauri hamumdai mtu uraia. Ukitimiza miaka 18 na makazi yako yakiwa hapa, unaandikishwa kwenye daftari, unapiga kura, na ukitaka unagombea. Hata anayesubiri majibu ya ombi lake la hifadhi anaruhusiwa. Tarehe 7 Juni 2024 majirani zangu walikabidhiwa karatasi mbili, moja ya madiwani na nyingine ya Bunge la Ulaya. Mimi, nisiye raia wa Umoja wa Ulaya, nilipewa ya madiwani tu. Wagombea wamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, kila mmoja na picha yake na kiboksi pembeni. Hapo huweki alama ya vema. Unaandika 1 kwa unayemtaka zaidi, 2 kwa anayemfuatia, kisha 3, mpaka uchoke.

Kazi iko kwenye kuhesabu. Kila eneo la uchaguzi lina viti kadhaa, kwa kawaida vitano hadi saba. Tuseme kura halali ni 9,000 na viti ni sita: mnagawanya kwa saba, yaani idadi ya viti na moja zaidi, mnaacha sehemu, mnaongeza moja, inakuwa 1,286. Aliyefikisha hapo kapita, na kura zake za ziada zinaenda kwa wale walioandikiwa namba inayofuata. Asipofikisha mtu, wa mkiani anatolewa na kura zake zinagawiwa waliobaki. Zoezi linaweza kula siku kadhaa. Wapambe wa vyama huegemea vizuizi na penseli mkononi, wakichungulia kila karatasi inavyokunjuliwa na kupiga mistari kwenye madaftari yao, na mara nyingi wanajua nani kapita muda mrefu kabla msimamizi hajashika kipaza sauti. Sijaona siasa tamu kama hiyo popote.

Lakini tunawachagua hao watu wafanye nini? Ayalandi ina halmashauri 31: 26 za kaunti, tatu za jiji, yaani Dublin, Cork na Galway, na mbili zilizounganisha jiji na kaunti, Limerick na Waterford. Madiwani wote ni 949. Kaunti ya Cork ina 55, Leitrim ina 18. Mwenyekiti huchaguliwa na madiwani wenyewe kwa mwaka mmoja, anavaa mkufu, anafungua maonyesho, mwaka unaisha. Shule, hospitali na polisi haviko mikononi mwao. Madiwani hupitisha bajeti, mpango wa maendeleo unaoonyesha wapi pajengwe nini, na wanaweza kuigusa kidogo kodi ya nyumba.

Mengine yote yako kwa mkurugenzi mtendaji, ambaye hakuna aliyempigia kura. Anapatikana kwa usaili wa kitaifa na kukaa ofisini miaka saba, inayoweza kuongezwa. Kibali cha ujenzi cha nyumba fulani, na nani apewe nyumba ya halmashauri, ni lake yeye na maofisa wake. Mtanzania hashangai, kwani kwetu mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Mkenya, aliyezoea kumchagua gavana wake mwenyewe, ndiye anayebaki mdomo wazi. Diwani mmoja aliwahi kuniambia mlangoni kwangu, baada ya kusikiliza malalamiko yangu ya taa za barabarani, "Nitawaandikia maofisa barua." Kumbe na yeye ni mwandika barua kama mimi.

Limerick wamejaribu njia nyingine. Waliulizwa kwa kura mwaka 2019 wakakubali, Cork na Waterford wakakataa, na mwaka 2024 John Moran akawa meya wa kwanza kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Wengi watakuomba uieneze hiyo. Mimi si ombi langu. Meya mmoja wa kaunti nzima yuko mbali na mtaa wangu karibu sawa na mkurugenzi.

Langu ni la 2014. Mwaka huo, chini ya mtangulizi wako Phil Hogan, mabaraza 80 ya miji yalifutwa kwa mkupuo, na idadi ya madiwani nchini ikashuka kutoka 1,627 hadi 949. Pakaundwa wilaya za manispaa, ambamo madiwani wale wale wa kaunti wanakaa kikao kingine. Najua sababu zilizotolewa. Kulikuwa na vimji vyenye baraza huku Swords, mji mkubwa, hauna. Mpangilio ule ulikuwa wa ovyo, sikatai. Ila dawa yake ilikuwa kuupanga upya.

Mtazame Rotimi Adebari. Alifika nchini mwaka 2000 kutoka Nigeria akiomba hifadhi. Mwaka 2004 akachaguliwa kwenye baraza la mji wa Portlaoise, na 2007 akawa meya wake, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya Ayalandi. Hakuanzia kaunti. Baraza la mji lenye viti tisa, kura halali zikiwa 2,000, lilihitaji kura 201. Hizo mtu anaweza kuzitafuta kwa miguu, mlango kwa mlango, kupitia kanisa, msikiti, timu ya watoto na foleni ya duka. Linganisha na 1,286 zilizotapakaa vijiji ambavyo bila gari huvifiki. Sheria yenu inatukaribisha kugombea, halafu mmeondoa ngazi pekee ambayo mgeni asiye na chama wala ukoo aliweza kuikanyaga.

Hata kura tuliyobaki nayo inapungua. Baada ya uchaguzi mkuu wa Novemba 2024, madiwani kadhaa tuliowachagua Juni walihamia bungeni, na kwa kuwa sheria hairuhusu kushika vyote viwili, viti vyao vilijazwa na halmashauri zenyewe. Sisi hatukuulizwa.

Uchaguzi ujao wa madiwani ni 2029. Naomba muswada ufike bungeni mapema, ili kila mji wenye watu wa kutosha, Swords ukiwemo, uwe na baraza lake la watu tisa, lenye bajeti yake hata iwe ndogo na kauli juu ya taa, njia za miguu na viwanja vya michezo. Jibu naweza kulipokea kwa lugha yoyote kati ya zenu mbili. Ya Kiayalandi nitatafuta wa kunisomea.

Wako,
Mkazi na mpiga kura, mashariki mwa Ayalandi