Barua ya wazi kwa wajukuu wangu wa darasa la 12, Texas

Wajukuu zangu wa Houston, Fort Worth, Dallas na Abilene, mliotoka Kongo, Burundi na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, pamoja na wazazi wenu,

Salamu. Nasikia wengi mmeambiwa shuleni kwamba mko tayari. Hongereni, lakini ulizeni: tayari kwa lipi?

Texas huhesabu wahitimu walio tayari kwa chuo, kazi au jeshi. Hesabu hiyo kwanza ni ya shule, maana inachangia herufi inayopewa, A hadi F, na tangu sheria ya 2019 inaweza kuiletea wilaya ya shule fungu la ziada. Mwaka 2023 kiwango cha kupata A katika kipengele hicho kilipandishwa kutoka asilimia 60 ya wahitimu hadi 88. Ndiyo maana walimu wanahangaika kila mtoto apate pa kuingilia. Siwalaumu.

Ila njia hazilingani. Kuna SAT, mtihani wa kuingilia chuo, alama 480 kwa kusoma na kuandika na 530 kwa hesabu. Kuna alama 3 katika mtihani wa AP, yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari, masomo ya chuo ukiwa bado sekondari, cheti cha fani, kujiunga na jeshi. Unaweza kuhesabiwa kwa njia ya cheti, kisha ukafika chuoni ukaambiwa kiwango chako cha hisabati hakijatosha, usome darasa la kujazia. Shule imeshapata pointi zake. Ada unalipa wewe.

Na hicho cheti, kabla hujakisomea, kipeleke jina lake kwa waajiri wenyewe: gereji, hospitali, fundi umeme. Cha msaidizi wa wauguzi kinajulikana kila nyumba ya kutunzia wazee. Vingine, mwajiri atakuuliza ndiyo nini hicho.

Anayetaka jeshi asidhani I-94, ile karatasi ya kuingia nchini kama mkimbizi, inatosha. Wanataka green card au uraia, na ufaulu ASVAB, mtihani wa kuingilia jeshi, wenye hesabu na Kiingereza. Mama ajue kabla hujatia sahihi: mkataba wa kwanza ni miaka minane kwa jumla, hata kama sehemu yake utakaa nyumbani kama askari wa akiba.

Kabla ya Krismasi, kila mmoja aende kwa mshauri wa shule na karatasi yake ya alama, aulize amehesabiwa kwa njia ipi, na chuo anachokitaka kinadai nini zaidi. Wazazi, nendeni nao. Shule inawajibika kuwatafutia mkalimani, bure. Msimtumie mtoto kutafsiri habari zake mwenyewe. Nawajua hawa, mtasikia mazuri tu.

Mzee wenu